Kutia gati chombo cha Dragon ukiwa mbele ya kompyuta yako: mwongozo kwa anayeanza

Mei 2020, wiki chache kabla ya wanaanga Doug Hurley na Bob Behnken kurushwa angani kutoka Florida, kampuni ya SpaceX iliweka mtandaoni mchezo mdogo wa bure. Unakalia kiti cha rubani wa chombo cha Dragon, mbele yako kuna Kituo cha Kimataifa cha Anga, na kazi yako ni moja tu: kukisogeza chombo polepole mpaka kiguse mlango wa kituo na kujifunga hapo. Mchezo unapatikana iss-sim.spacex.com, hauna cha kusakinisha wala cha kulipia, na vidhibiti vyake vimefuata mfano wa zile skrini za kugusa ambazo wanaanga wenyewe wanazo ndani ya Dragon.

Wengi hugonga kituo, au hupotelea gizani, ndani ya dakika chache za mwanzo. Si kwa sababu mchezo ni mgumu kuuelewa. Ni vidole. Tumezoea michezo ambayo ukibonyeza unakwenda na ukiachia unasimama, na huku ukiachia husimami. Chombo kilichosukumwa kitaendelea kwenda kwa kasi ileile, upande uleule, mpaka kisukumwe kinyume. Hakuna hewa ya kukikwamisha, hakuna ardhi ya kukikwaruza, hakuna breki.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, shika hesabu hii: kila unapobonyeza kitufe umekopa, na dawa ya deni ni kulipa. Ukibonyeza kushoto mara tatu, ipo siku utabonyeza kulia mara tatu ndipo usimame. Anayebonyeza ovyo mara ishirini amejiwekea madeni ishirini pande sita tofauti, na hajui tena anadaiwa wapi.

Maandalizi

Tumia kompyuta yenye kibodi ukiweza. Simu janja nayo inafaa, ila skrini ni ndogo, namba ni ndogo zaidi, na kidole chako kitafunika kile hasa unachotakiwa kukisoma. Mtandao ukiwa wa kusuasua, subiri ukurasa upakie wote kwanza, maana kuna picha za pande tatu. Tenga angalau robo saa ambayo hakuna atakayekuita.

Maandishi ya skrini ni ya Kiingereza, lakini si mengi. Katikati kuna duara, na kulizunguka kuna makundi matatu ya namba. Juu pameandikwa ROLL, yaani chombo kulala ubavu wa kushoto au wa kulia. Upande wa kulia ni PITCH, pua ya chombo kuinuka au kuinama. Chini ni YAW, pua kugeuka kushoto au kulia. Kila kundi lina namba ya kijani na namba ya buluu. Ya kijani inakwambia umepinda kwa digrii ngapi kulingana na mlango. Ya buluu inakwambia unageuka kwa kasi gani sasa hivi. Zaidi ya hizo kuna X, Y na Z, ambazo ni umbali wako kwa mita: X ni mbele, Y ni pembeni, Z ni juu au chini. Kuna pia RANGE, masafa yaliyobaki mpaka mlangoni, na RATE, kasi ya kukaribia. RATE ikiwa na alama ya kutoa usishtuke, maana yake masafa yanapungua.

Ushindi una sharti moja: namba zote za kijani, pamoja na Y na Z, ziwe chini ya 0.2 pale unapogusa, na uwe unakwenda taratibu.

Vidhibiti viko mafungu mawili. Vya kulia hugeuza chombo papo hapo kilipo. Vya kushoto hukisogeza bila kukigeuza. Kwenye kibodi, mishale minne inainua, inainamisha na kugeuza pua, na vitufe vya mkato na nukta vinakilaza ubavu. Herufi W, S, A na D husogeza juu, chini, kushoto na kulia, Q hupeleka mbele na E hurudisha nyuma. Katikati ya kila fungu kuna kitufe cha kubadili ukubwa wa msukumo, mkubwa au mdogo. Kitufe hicho ndicho kitakachokuokoa mwishoni, na ndicho kitakachokuponza ukikisahau, kwa sababu deni lililokopwa kwa misukumo mikubwa halilipiki kwa idadi ileile ya misukumo midogo.

Hatua ya kwanza: usifanye kitu

Mchezo ukianza, chombo kiko kama mita 200 kutoka mlangoni, kimekaa kombo kwa pande zote tatu, lakini hakitembei. Kitabaki hapo hata ukienda kuchemsha chai. Tumia nafasi hiyo. Soma namba zote kwa sauti. Bonyeza kitufe kimoja cha kugeuza, mara moja tu, uone namba ya buluu imeruka kwa kiasi gani na ya kijani inaelekea wapi. Bonyeza kinyume chake, mara moja, buluu irudi sifuri. Hapo umeshajua bei ya mbonyezo mmoja.

Mita 200 si namba ya kubahatisha. Kuzunguka kituo halisi kuna tufe la kufikirika lenye nusu kipenyo cha mita 200, ambalo chombo chochote hakiruhusiwi kuliingia mpaka waongozaji walioko ardhini waridhike. Mchezo unaanzia mpakani mwa eneo hilo.

Hatua ya pili: nyoosha chombo

Anza na ROLL. Tuseme inasoma digrii 15. Bonyeza upande unaopunguza namba ya kijani mpaka kasi ya buluu ifike kama digrii 0.5 kwa sekunde, kisha ondoa mkono. Digrii 15 kwa kasi hiyo ni sekunde 30. Ni ndefu ukizihesabu, na hapo ndipo vidole huanza kuwasha. Zuia. Zikibaki digrii 3 hivi, lipa nusu ya deni, na ikibaki digrii moja punguza tena mpaka 0.1 kwa sekunde. Ikisoma sifuri, lipa kilichobaki ili buluu nayo iwe sifuri.

Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Kijani ikionyesha 0.0 wanashangilia na kuhamia PITCH, huku buluu bado inasoma 0.1. Sekunde thelathini baadaye ROLL imepinda digrii tatu na hawajui imekuwaje. Namba ya kijani ni ulipo, namba ya buluu ni unakoelekea. Usihamie kundi jingine kabla zote mbili hazijatulia.

Neil Armstrong alilijua hilo kwa njia mbaya. Tarehe 16 Machi 1966, yeye na David Scott, wakiwa ndani ya chombo cha Marekani kiitwacho Gemini 8, walifanikiwa kuunganisha vyombo viwili angani kwa mara ya kwanza katika historia, Gemini yao na chombo kisicho na watu kiitwacho Agena. Muda si mrefu wakaanza kubiringika. Wakadhani Agena ndiyo mbovu, wakajitenga nayo, na mzunguko ukazidi, kwa sababu kijiinjini kilichokwama kikisukuma bila kukoma kilikuwa cha Gemini yenyewe. Walifikia karibu mzunguko mzima kwa kila sekunde, kiwango ambacho macho huanza kupoteza uwezo wa kusoma vipimo. Armstrong alizima mfumo mzima wa usukani na kutumia injini ndogo zilizotengwa kwa ajili ya kurudi duniani, akalipa lile deni la mzunguko, na safari ikakatishwa. Wewe ukibiringika hivyo, pakia ukurasa upya.

Baada ya ROLL fanya PITCH, kisha YAW, kwa utaratibu uleule. Mmoja mmoja. Wakizoea, watu huziendesha tatu kwa pamoja, lakini siku ya kwanza sioni faida yake.

Kosa linalowaangusha wenye akili

Sasa namba zote za kijani ni sifuri na buluu zimelala. Unainua macho kutazama picha, na mlango hauko katikati! Uko kando, na ile alama ya kijani ya umbo la almasi inayouonyesha iko mbali na kitovu cha duara. Mtu makini atasema, pua yangu haijaelekea mlangoni, ngoja niigeuze. Akigeuza, kazi yote ya hatua ya pili imemwagika.

Kunyooka si kuelekea. Namba za kijani hazikuulizi kama unautazama mlango. Zinakuuliza kama umesimama sambamba nao, uso kwa uso, kama mchoro wa mistari miwili isiyokutana. Ukiwa umenyooka lakini uko mita 30 juu au chini ya mstari wa mlango, mlango utaonekana kando, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Dawa yake si kugeuka. Ni kusogea pembeni.

Ipo pia hesabu ya kukutisha. Kitufe cha kwenda mbele husukuma kule pua ilikoelekea, si kule mlango uliko. Pua ikiwa imepinda digrii 10, kila mita 100 unazokwenda mbele zinakutupa pembeni zaidi ya mita 17. Hata digrii 0.2, ambayo kwenye skrini inaonekana kama si kitu, ni karibu sentimita 70 katika mita 200. Ndiyo sababu ya kunyoosha kwanza na kusogea baadaye. Mtego wa pili unatokana na huohuo: ukisukuma kushoto, kisha ukageuza chombo, kisha ukasukuma kulia, hujalipa. Kulia ya sasa si kinyume cha kushoto ya mwanzo.

Hatua ya tatu: maliza Y na Z ukiwa mbali

Mchezo unapoanza, Y huwa kama mita 12 na Z kama mita 30. Usijisumbue kukariri ni juu au chini. Bonyeza mara moja, tazama namba. Ikipungua, endelea. Ikiongezeka, umekosea upande, lipa na ugeuze.

Kwa Z, kasi ya nusu mita kwa sekunde itakuchukua dakika moja. Kwa Y, mita 0.3 kwa sekunde ni sekunde 40. Hapa kuna tabu ndogo: kasi ya pembeni haionyeshwi wazi kama ile ya RATE, kwa hiyo itabidi uhesabu mibonyezo yako au utazame namba inavyoshuka kwa kila sekunde. Mimi nahesabu kwa sauti. Ukiwa na mtu karibu atakucheka, muache.

Zikibaki mita mbili tatu, lipa sehemu kubwa ya deni na uache chombo kitambae. Badili msukumo uwe mdogo. Lengo ni Y na Z ziwe chini ya 0.2 na zikae hapo bila kuhama. Zitazame kwa nusu dakika nzima ukiwa umekunja mikono. Zikihama, bado kuna deni. Ni nafuu mara kumi kulimaliza hapa kwenye mita 200 kuliko kwenye mita tano.

Wapo wanaosogea mbele na pembeni kwa wakati mmoja ili kuokoa muda. Inawezekana, na wazoefu hufanya hivyo, ila ukikosea unakuwa umekosea huku unakimbia.

Hatua ya nne: sogea mbele

Ratiba ninayopendekeza ni hii:

- Kutoka mita 200 hadi 60: mita 1 kwa sekunde.
- Kutoka 60 hadi 20: mita 0.5 kwa sekunde.
- Kwenye mita 20: simama kabisa, RATE isome sifuri.
- Kutoka 20 hadi 5: mita 0.2 kwa sekunde.
- Kutoka 5 hadi kugusa: mita 0.1 kwa sekunde, msukumo mdogo.

Kwa kasi hizo, mwendo wote unachukua kama dakika sita, bila kuhesabu kusimama. Anayetaka kwenda kwa mita 0.2 tangu mwanzo anaruhusiwa, lakini atatumia zaidi ya robo saa na atasinzia.

Kusimama kwenye mita 20 sikukubuni mimi. Dragon halisi nayo ina kituo cha kusubiri kwenye umbali huo, ikingoja ruhusa ya mwisho. Kwako ni mahali pa ukaguzi. Soma namba zote sita, ROLL, PITCH, YAW na buluu zake. Soma Y na Z. Rekebisha kilichohama, na karibu daima kuna kilichohama. Umbali huu kasoro ya digrii 0.2 inakutupa sentimita 7 tu, kwa hiyo ukiondoka hapa ukiwa safi, kilichobaki ni uvumilivu.

Ukishapita mita 5, acha mikono itulie. Y ikisogea 0.1, usiikimbilie. Iko ndani ya kipimo. Watu wengi hugonga hapa, wakiwa wamefanya kila kitu sawasawa, kwa sababu wanajaribu kuifanya 0.1 iwe 0.0 na badala yake wanaisukuma mpaka 0.4. Ukiona kweli namba inaelekea kuvuka 0.2, usigombane nayo ukiwa unasonga mbele: rudi nyuma kwa E mpaka RATE iwe sifuri, rekebisha kwa msukumo mdogo, kisha anza tena. Hakuna saa inayokudai.

Vyombo halisi hugusa mlango kwa kasi ya sentimita 10 hivi kwa sekunde au pungufu. Hurley na Behnken walifika tarehe 31 Mei 2020, kama saa 19 baada ya kuruka. Hurley alijaribu kukiongoza chombo kwa mkono wakiwa kama mita 220 kutoka kituoni, kisha akaiachia kompyuta imalizie yenyewe. Kwa hiyo hizo mita za mwisho unazozipitia kwa mkono, marubani wa Dragon kwa kawaida hawazipitii hivyo. Wanajifunza kwa ajili ya siku ambayo kompyuta itagoma.

Mchezo usichokuonyesha

Ukisimama kwenye mchezo, umesimama. Huko juu si hivyo. Kituo kiko kama kilomita 400 juu yetu na kinakimbia karibu kilomita 27,600 kwa saa, kikiizunguka dunia kwa takribani dakika 90. Wewe nawe unakimbia hivyohivyo, ndiyo maana mnaonekana mmetulia. Lakini katika mzunguko, kujisukuma kuelekea kitu kilicho mbele yako hukupandisha juu, na aliye juu huzunguka polepole zaidi, kwa hiyo unaachwa nyuma. James McDivitt alikutana na jambo hilo Juni 1965 akiwa ndani ya Gemini 4, alipojaribu kukikaribia kipande cha roketi yao wenyewe kilichokuwa kikielea jirani. Kila alivyokisukumia chombo kuelekea kipande kile, masafa hayakupungua alivyotaka, mafuta yakapungua, na jaribio likaachwa. Na si kwamba jambo hilo halikuwa limechunguzwa: Buzz Aldrin alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu kukutana kwa vyombo angani, chuoni MIT, mwaka 1963, kabla hata hajachaguliwa kuwa mwanaanga.

Katika mita 200 za mwisho athari hiyo ni ndogo, na watengenezaji wa mchezo wameiacha kando. Wamefanya vizuri. Anayeanza ana madeni ya kutosha.

Ukishaweza, ziba namba

Ukitia gati mara kadhaa bila kugonga, fanya zoezi hili. Kata vipande vya karatasi, ubandike juu ya RANGE, RATE na X, kisha ujaribu kwenda mlangoni kwa kutazama picha peke yake.

Tarehe 25 Juni 1997, mwanaanga wa Urusi Vasily Tsibliyev alifanya kitu kinachofanana na hicho, ila si kwa mchezo. Akiwa ndani ya Mir, kituo cha anga cha Urusi, alikuwa akiongoza kwa mbali chombo cha mizigo cha Progress M-34, chenye uzito wa tani kama saba, kwa kutazama picha ya kamera iliyofungwa kwenye chombo hicho. Rada ya kumpa masafa na kasi ilikuwa imezimwa. Katika picha, Mir ilionekana ndogo juu ya mawingu ya dunia, na kitu kinachokujia moja kwa moja hukua polepole sana mwanzoni, kisha hukua ghafla. Alipotambua kasi ilikuwa kubwa, muda wa kulipa haukuwepo tena. Progress iligonga sehemu ya kituo iitwayo Spektr, ikaitoboa, na hewa ikaanza kuvuja. Wenzake, Aleksandr Lazutkin na Michael Foale, walichomoa na kukata nyaya zilizopita mlangoni, wakaiziba sehemu ile, na wote watatu wakanusurika.

Kwenye zoezi lako, kila unapodhani umefika mita 20, simama, fungua karatasi, usome. Wengi hudhani bado wako mbali kuliko walivyo. Andika tofauti, funika tena, uendelee. Makadirio yako yakianza kukaribia ukweli, ongeza ugumu: ziba pia Y na Z, na utegemee ile almasi ya kijani tu kukaa katikati.